Diwani Aliyekataa Mara Mbili

Ukimkaribisha chai, alikataa. Naanza na hilo kwa sababu karibu kila ninalolikumbuka juu ya Diwani linapita hapo, na kwa sababu kwa miaka mingi nililiona ni jambo la kunichekesha tu.

Alikuwa akiingia chumba chetu cha taipu asubuhi za kikao cha baraza, ukungu umeikalia Njombe mpaka huoni ng'ambo ya barabara. Ameshuka kwenye lori la mbao lililomtoa upande wa Matembwe, mabega yamelowa, midomo imepauka kwa baridi. Namwamkia, namwambia, "Karibu chai, Mheshimiwa." Anajibu, "Aa, mwanangu, nimeshiba." Ameshiba nini, jamani, mtu aliyeondoka kwake kabla jogoo hajawika? Namimina. "Kunywa hata nusu." "Usijisumbue, ninyi ndio mnaofanya kazi." Hapo mgeni asiyejua angekichukua kikombe akanywa mwenyewe. Mimi nimezaliwa Mjimwema, papo hapo Njombe, na nimelelewa na bibi Mbena, kwa hiyo nilisema mara ya tatu, na safari hiyo kwa ukali kidogo: "Baba, chai nimeshaimimina. Unataka niimwage?" Ndipo anavuta kiti. Anakunywa vikombe viwili na viazi vya kuchemsha juu yake, anafuta mdomo, anasema, "Haya, umenilazimisha."

Ndivyo walivyolelewa wazee wa rika lake. Kukubali mara ya kwanza ni uroho. Mara ya pili unaruhusiwa, kama shida imekushika kweli, ingawa bibi yangu angekutazama kwa jicho la pembeni. Mara ya tatu ndiyo ya mtu mzima. Na anayekaribisha naye anajua kazi yake ni kusema mara tatu. Asiposema, aibu ni yake. Hayo hayakuandikwa popote. Niliandika mihtasari ya baraza kwa miaka kumi na minne na sikuwahi kuyaona kwenye kanuni za mikutano.

Jina lake sikuwahi kulitaja mbele yake na sitaanza leo. Madiwani walikuwa wengi, lakini ukisema "Diwani amekuja" kila mtu ofisini alijua ni yupi. Wenye utani walimwita Mheshimiwa Nesi, nitaeleza kwa nini.

Kwanza koti. Miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, mitumba ilikuwa imemwagika Makambako, marobota yanafunguliwa kando ya reli, na mtu aliyevaa kaniki jana leo unamwona na koti la Ulaya. Diwani alinunua lake huko, zito, la rangi ya majivu, na lilikuwa la mwanamke. Kiuno kimebanwa, vifungo upande usio wake. Nilivumilia vikao viwili, cha tatu nikashindwa, nikamwambia kwa sauti ya chini. Akalitazama koti, akanitazama mimi. "Lenyewe linajua?" akauliza. "Basi tusiliambie." Akalivaa mpaka likaisha.

Alikuwa mkali juu ya ulanzi, ile pombe ya mianzi. Kwenye kata yake alipiga marufuku kunywa kabla ya saa tisa alasiri, na aliyekamatwa alipewa jembe akalime njia ya kwenda zahanati. Siku moja saa nne asubuhi mgambo wakamkuta yeye mwenyewe kwenye shamba la mianzi, kibuyu mkononi. Wakasimama wameduwaa. Akawaambia alikuwa akikagua. Halafu naona aibu ikamshika, maana aliomba jembe, akalima njia siku mbili peke yake, watu wakipita wakimwambia pole kwa ukaguzi. Hadithi hiyo aliisimulia mwenyewe, akicheka mpaka machozi.

Kiswahili chake kilikuwa cha darasa la nne. Akiwa mtulivu kilikwenda vizuri. Akikasirika Kibena kilipanda, na madiwani vijana wa mjini walikuwa wakiinamisha vichwa kuficha meno. Neno "kwaramu", la akidi ya kikao, lilimtesa. Alilikwepa kwa kusema "tumetosha." Nilimwona mara nyingi, kabla hajasimama kuchangia, akipangusa viganja kwenye suruali, akipangusa tena, na wakati mwingine mkono ulioinuka ukarudi chini bila kuitwa.

Lakini mtu huyohuyo, ukimpa shida ya mwenzake aibeba, haya yote ilimtoka. Kata yake ilikuwa na zahanati moja, na zahanati ilikuwa na nesi mmoja, mama mnene kutoka Mbinga, mwenye sauti ya kusikika mpaka shuleni. Nusu ya watoto wa kata ile walipokelewa na mikono ya mama yule. Wauguzi wengine walikuwa wakipangiwa huko, wanaonja baridi ya mwezi wa saba, wanaomba uhamisho. Yeye alikaa. Diwani aliamini anakaa kwa sababu ya nyumba, na nyumba ile aliijenga yeye na wanakijiji, tofali kwa tofali. Mabati yalipokwama Makambako, alikwenda mwenyewe kwenye yadi ya mfanyabiashara mmoja mwenye malori, mtu wa Kondoa aliyehamia pale, akakaa kwenye gogo tangu asubuhi. Yule tajiri alimkaribisha chakula. Akakataa. Tajiri, kwa adabu zake, hakumsumbua tena. Diwani alishinda na njaa hadi jioni. Lakini lori alilipata, bure, na mabati yakapanda mlima.

"Kujiombea ni kazi ngumu," aliniambia akinisimulia hilo. "Kumwombea mwingine, mwanangu, ni kama kutembea mteremkoni."

Ndiyo maana ya Mheshimiwa Nesi. Ajenda iwe ya barabara, iwe ya soko, yeye atafika kwa nesi wake. "Mwenyekiti, barabara ni nzuri. Lakini mimi nina nesi mmoja." Baraza zima linacheka. Alicheka nao, halafu anarudia.

Sasa nije kwenye jambo ambalo naliandika hapa kwa shida.

Uchaguzi ukapita, na yule mtu wa malori wa Makambako akawa diwani, kisha madiwani wakamfanya Mwenyekiti. Alikuwa Mwenyekiti mzuri, nasema ukweli wa Mungu. Alianza kikao kwa wakati, hakumkata mtu kauli, na alipokwenda kuswali adhuhuri alituacha tule kwanza. Mwaka wake wa pili ikaja barua kutoka jumuiya ya halmashauri, ile tuliyokuwa wanachama wake. Mkutano mkuu wa mwaka ungefanyika Morogoro. Kila halmashauri ichague kwenye kikao cha baraza mjumbe mmoja mwenye kura. Wengine wanaweza kwenda, lakini watakaa nyuma kama watazamaji, hawapigi kura wala hawasemi. Jina likishapelekwa halibadilishwi ila na baraza lenyewe. Barua ile niliirudufu mimi, na ajenda zilizoambatana nayo nilizichapa upya kwa sababu nakala yetu ilififia.

Ajenda mojawapo ilihusu kupunguza wafanyakazi. Mnakumbuka miaka ile. Kila wizara, kila idara, watu walikuwa wakipunguzwa, na sasa orodha zilikuwa zikishuka wilayani. Hoja iliyokuwa ikipelekwa Morogoro ilisema hivi: jumuiya iiombe serikali wauguzi wa zahanati za vijijini wasiguswe. Wajumbe wangepiga kura. Hoja ikipita ingepelekwa juu kwa sauti ya halmashauri zote.

Diwani alikuja ofisini siku ambayo haikuwa ya kikao. Akafunga mlango nyuma yake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alikuwa na karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nne.

"Mwanangu, nichapie hii. Taratibu tu, ukipata nafasi."

Ilikuwa hotuba. Ukurasa mmoja. Alieleza zahanati iko wapi, mvua inakata barabara miezi mingapi, ni saa ngapi kwa mguu mpaka hospitali ya misheni, na nesi ni mmoja. Hakukuwa na neno la kubembeleza hata moja. Nimechapa hotuba nyingi za wakubwa, sijawahi kuchapa iliyo safi kama ile.

"Unakwenda Morogoro?" nikamwuliza.

"Aa! Nani aliyenituma? Iwe tayari tu. Wenzangu wakiona inafaa."

"Lakini unataka."

Akapangusa viganja kwenye suruali. "Nataka," akasema, kwa sauti ndogo sana. "Usimwambie mtu."

Sikumwambia mtu. Hilo ndilo niliombwa, na hilo ndilo nililolifanya, Mungu anisamehe.

Siku ya baraza nilikaa mahali pangu, kwenye meza ndogo pembeni ya Mwenyekiti, kalamu tatu zimechongwa. Ajenda ya uteuzi ilifika kabla ya chakula. Mwenyekiti akaisoma barua, akauliza mapendekezo. Diwani wa Kifanya, mzee mwenzake, akainuka akisafisha koo. "Napendekeza Mheshimiwa wa zahanati. Hoja ni yake, tangu zamani ni yake." Makofi yakapigwa, na vicheko vya mapenzi. Hakuna aliyetaja jina lingine. Niliona mambo yamekwisha.

"Mheshimiwa, unakubali?" akauliza Mwenyekiti.

Diwani akasimama. Alikuwa amevaa shati jipya chini ya lile koti. "Mwenyekiti, nashukuru. Lakini mimi ni mtu wa shamba. Wapo vijana wenye lugha. Apewe mwingine."

Nikatabasamu. Nikasema moyoni, haya, moja.

Mwenyekiti akavua miwani. "Kweli, Mheshimiwa? Unakataa?"

Diwani akapangusa viganja kwenye suruali. Kisha akasema, "Kweli, Mwenyekiti. Apewe kijana."

Mbili. Kalamu yangu ilikuwa juu ya karatasi. Nilikuwa nikingoja ya tatu, na nadhani nusu ya ukumbi ule ilikuwa ikingoja. Mwenyekiti akavaa miwani yake. "Waheshimiwa, tuiheshimu kauli ya mzee wetu," akasema, na alisema kwa heshima ya kweli, akiinamisha kichwa. "Amejitoa. Naomba jina lingine."

Diwani alikuwa bado amesimama. Alisimama hivyo kitambo, mkono juu ya meza, kama mtu aliyesahau alikuwa anakwenda wapi. Kisha akakaa.

Mzee wa Kifanya akainuka nusu. "Mwenyekiti, naomba..."

"Ni taarifa, Mheshimiwa, au utaratibu?"

Maskini, hakujua ni kipi kati ya hivyo. Utamwambiaje Mwenyekiti, mbele ya baraza, kwamba amwulize tena kwa sababu anataka? Ukisema hivyo umemvua mwenzako nguo hadharani. "Hapana, basi," akasema, akakaa. Wengine walitazama makabrasha yao. Kila mtu alimngoja mwenzake.

Na mimi? Mimi nilikuwa hatua mbili kutoka sikio la Mwenyekiti. Nilikuwa nimempelekea vikaratasi mara nyingi: maji yamekwisha, mgeni amefika, simu kutoka mkoani. Kikaratasi cha maneno matatu kingetosha. Mwulize tena, baba. Lakini karani hachangii, nilifundishwa hivyo tangu siku ya kwanza, na niliogopa. Niliogopa nini hata sijui. Kuonekana kimbelembele. Diwani akageuza kichwa akanitazama, mimi peke yangu ukumbini niliyejua hotuba ipo kwenye droo. Nikainamisha macho nikaandika: Mheshimiwa alipendekezwa, akakataa.

Likatajwa jina la diwani kijana wa mjini, mwenye biashara ya mbao. Alipoulizwa akasema, "Nakubali kwa mikono miwili!" Wakampigia makofi yaleyale.

Jioni Diwani alipita ofisini. Hakukaa. "Ile karatasi ipo?" Nikampa. Alitoka nayo, nikamwona dirishani akimsimamisha yule kijana kwenye ngazi, akimwelekeza kwa kidole mstari kwa mstari. Kijana aliitikia, akaikunja, akaitia mfuko wa shati. Hakuwa kijana mbaya. Alikuwa na haraka tu.

Nilijikaza wiki nzima. Barua ya jina niliichapa mimi, na ikatumwa. Baada ya hapo ndipo ujasiri ulinijia, ujasiri wa nini sasa! Nikaenda kwa Mwenyekiti nikamweleza yote, kuhusu mara ya kwanza na ya pili na ya tatu. Alishika kichwa.

"Sasa mimi ningejuaje, dada? Kwetu mtu mzima akikataa amekataa. Ukimlazimisha umemdharau."

"Najua, Mwenyekiti."

"Na wewe ulijua. Mbona hukuniambia palepale?"

Hakunigombeza, na ingekuwa afadhali angenigombeza. Alichukua gari lake akapanda mpaka kwa Diwani, siku ya mvua, akitaka kumwomba waitishe kikao cha dharura ili jina libadilishwe. Kanuni iliruhusu, ila lazima theluthi ya madiwani watie saini, na sababu iandikwe. Diwani alimpokea, akamchinjia kuku, akamlaza. Kuhusu kikao akasema, "Aa, Mwenyekiti, hakuna tatizo kabisa. Kijana atasema vizuri." Nilipokumbuka kwamba sababu lazima iandikwe nilielewa kwa nini. Wangeandika nini? Kwamba mzee alikuwa anataka?

Ripoti ya Morogoro niliichapa pia. Kurasa mbili. Uchaguzi wa viongozi wa jumuiya ulifanyika asubuhi, mjumbe wetu akapiga kura. Hoja ya wauguzi iliwekwa mwisho, mchana wa siku ya pili, wakati wajumbe wengi wa mbali walikuwa wamekwisha kuondoka kuwahi mabasi. Wetu akiwa mmojawapo. Hoja ilianguka. Kwa kura ngapi, ripoti haikusema. Nimejiuliza mara nyingi kama moja ingebadilisha chochote, na kama serikali ingesikiliza hata wangekubaliana wote. Huenda isingesikiliza. Hilo halinisaidii usingizi.

Barua ya kumpunguza nesi ilikuwa ya kumi na saba katika fungu nililopewa kuchapa. Maneno ni yaleyale, unabadilisha jina na kituo tu. Vidole vilikwenda vyenyewe. Nilipofika kwenye jina la kituo nikaenda chooni nikalia, nikarudi nikaimaliza, kwa sababu nisingeimaliza mimi ingemalizwa na mwenzangu wa meza ya pili.

Mama yule aliondoka na godoro na mbuzi wawili aliopewa na wanakijiji. Wanawake walimsindikiza mpaka barabara kuu wakiimba, halafu wakanyamaza njia nzima ya kurudi. Masika yaliyofuata mke wa kitindamimba wa Diwani alishikwa na uchungu. Mtoto alikaa vibaya. Walimbeba kwenye machela mpaka penye lori la mbao, lori likakwama kwenye tope kabla ya lami, wakamshusha. Mtoto alitoka hai, wa kike. Mama yake hakufika hospitali. Diwani mwenyewe alikuwa ameshika upande mmoja wa machela.

Kwenye msiba tulikwenda watu wa ofisi na Mwenyekiti na diwani kijana, ambaye alilia kuliko sisi wote, akitaka kusema kitu na kila mara Diwani akimshika bega. "Umefanya nini wewe? Hukufanya kitu." Alisema hivyo kumfariji, nina hakika. Uchaguzi uliofuata hakugombea. Watu wa kata yake walimfuata, wakamwomba mara tatu, na mara tano, akakataa zote.

Nami zamu yangu ilifika. Kompyuta zilipoingia ofisini, sisi wa taipu tulipunguzwa. Nilihamia Makambako, nikafungua duka la kuchapa na kutoa nakala kando ya barabara ya Songea. Miaka ikaenda. Nilisikia habari zake kwa wateja wa huko milimani: bado yupo, anatembea na fimbo, anakaripia watu wanaokunywa ulanzi asubuhi.

Miaka kama ishirini baada ya msiba ule, siku ya baridi, mlango ukafunguka akaingia. Nilimtambua kwa namna alivyopangusa miguu mlangoni. Amekuwa mdogo, jamani, kana kwamba kuna watu walikuwa wakimpunguza kidogokidogo. "Kamwene," akaamkia kwa Kibena, maana macho hayakuona vizuri ni nani, na nilipoitikia akanijua kwa sauti. Alikuwa amekuja kuchapisha barua kwa halmashauri. Nikamweka kitini, nikakaa mbele ya kompyuta.

"Ni ya nini, baba?"

"Nesi."

Zahanati ilikuwa imefunguliwa tena miaka ile ya katikati, akaniambia. Wanaletwa. Mmoja alikaa mwezi, mwingine masika mawili. Wa mwisho alihama baada ya Pasaka na hapajakuwa na mtu tangu hapo. Alisema hayo bila malalamiko. Mimi nilikuwa nimeshaandika anwani, lakini mikono ikakataa kuendelea. Nikageuka nikamwambia yote. Kwamba nilijua siku ile. Kwamba nilikuwa na karatasi na kalamu na hatua mbili tu. Kwamba aliponitazama niliinamisha macho, na kwamba nimelibeba hilo miaka yote hiyo.

Alisikiliza akiwa ameegemeza kidevu kwenye fimbo.

"Ulidhani nilikuwa nakuomba useme?" akauliza.

"Ndiyo."

"Aa, mwanangu. Ya kwanza ilikuwa adabu. Aliponiuliza ya pili ningeweza kukubali, mtu anaruhusiwa. Niliiwaza Morogoro, na wakubwa, na Kiswahili changu. Nikasema apewe kijana." Akazungusha fimbo sakafuni. "Ile ya pili haikuwa adabu. Niliogopa. Aliposema nimejitoa, nilifurahi. Nikakutazama nione kama umeniona nimefurahi."

Ningependa kuandika kwamba mzigo ulinitoka, lakini haukutoka, ulikuwa umekuwa wa watu wawili tu, na wa kwake mzito kuliko wangu. Nilitaka kumwambia kura moja isingefaa kitu. Alikuwa akiniangalia kwa macho yale yasiyoona vizuri, nikaona nisimdanganye mzee.

"Haya, andika," akasema. "Sema ni haraka."

"Niseme kwa nini ni haraka?"

"Yule mtoto. Wa kwenye tope. Amekuwa mkubwa, ameolewa palepale kijijini." Akanyoosha vidole, akavihesabu kwa kugusa goti. "Ana mimba ya miezi saba sasa."

Baraza lilikuwa limekaa wiki iliyotangulia; mihtasari yake ilichapwa hapahapa dukani kwangu. Linakaa kila baada ya miezi mitatu; mimba ilikuwa imebakiza miwili. Yeye aliyekaa kwenye viti vile na mimi niliyekaa kwenye meza ile, hakuna kati yetu aliyehitaji kuambiwa hesabu hiyo. Akaniuliza kama kwenye mstari wa kichwa cha barua nimeshaandika "Yah". Nikamwambia bado. Nikaandika.